Taa Nyekundu Langoni

Jumatatu, 4 Machi

Bodi zimefika leo asubuhi, kumi na mbili, kila moja kwenye mfuko wake mdogo wa fedha. Shemeji alizibeba kifuani utadhani ni mtoto mchanga. "Shem, hizi ndizo zitakazotutoa kimasomaso," akasema, akaziweka juu ya meza yangu, nusura juu ya chai yangu.

Nitaeleza mara moja ili siku za mbele nisijirudie. Uwanja huu wa mchezo wa risasi za rangi ni wa mume wa dada yangu. Yeye ndiye mwenye uwanja, yeye ndiye nahodha wa timu, na akiachwa atakuwa refa vilevile. Dada anakaa mapokezi, anagawa barakoa na kufua soksi za mitutu, vile vifuko vya kitambaa vinavyozuia kidonge kikifyatuka kisimfikie mtu. Mimi nilikuwa nakarabati simu mpaka mwaka jana, sasa nakarabati bunduki za rangi. Zipo kumi na mbili, na kila moja ina bodi ndogo ndani ya mpini inayoamua lini hewa itoke na kidonge cha rangi kiruke. Bodi za zamani zimechoka. Mashindano ni tarehe 6 Aprili, na kabla ya hapo atakuja mkaguzi.

Nimesoma kijitabu mara mbili. Kuna jambo moja nimelipigia mstari. Kwenye bodi ya zamani, taa nyekundu maana yake bunduki imefungwa, haipigi. Kwenye hizi mpya, nyekundu maana yake macho yamezimwa tu, yale macho mawili madogo yanayotazama kama kidonge kimeshakaa vizuri ndani. Bunduki yenyewe inapiga kama kawaida. Ikifungwa, haina taa kabisa.

Jumatano, 6 Machi

Nimefunga ya kwanza. Skrubu mbili za mpini, toa bodi ya zamani, chomoa waya wa vali ya hewa, waya wa macho, waya wa betri. Weka mpya, bonyeza swichi ya triga ikae sawasawa chini ya ulimi wa triga, funga. Kuipa maagizo ni kama kumtekenya mtu: unashikilia triga, unawasha, taa inapepesa, unabonyeza idadi ya namba unayotaka, unasubiri ikujibu kwa kupepesa idadi hiyohiyo.

Nilipiga vidonge mia kwenye turubai la nyuma. Hakuna hata kimoja kilichopasukia ndani. Raha iliyoje! Nilitamani kumwonyesha mtu, lakini aliyekuwa karibu ni Soksi peke yake.

Soksi ni msimamizi wa lango. Miaka kumi na moja anasimama pale wachezaji wanapotoka uwanjani, na jina hilo alipewa kwa sababu neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni ni soksi: kila mtutu uvalishwe soksi yake kabla ya kuvuka mstari. Mwendo wake wa kobe, maneno yake ya kobe. Nilimwambia, "Mzee, njoo uone." Akasema "Naona," akiwa anatazama pembeni. Tangu nimeanza kazi hapa hajanitazama usoni hata siku moja. Kama fundi wa kike anamkera, aseme.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Mbili zaidi.

Jumapili, 10 Machi

Leo nimejiaibisha. Nilimlalamikia Dada kwamba yule mzee ana dharau, nikiongea naye anageuza uso. Dada akaacha kukunja taulo.

"Mdogo wangu, unakaa upande wake gani?"

"Kushoto."

"Basi. Jicho la kushoto ni la kioo. Hakuoni."

Lilipasuka zamani, katika uwanja mwingine, enzi hizo wanacheza na miwani ya kuogelea. Kidonge cha rangi, hatua nne. Amebaki na moja. Dada amejua miaka yote hii, Shemeji anajua, wachezaji wanajua. Ni mimi tu niliyekuwa namchukia mtu kwa kiti nilichokalia mwenyewe.

Nimehamisha kiti. Sikumwambia chochote, nimeona haya.

Jumatano, 13 Machi

Saba zimekamilika. Tano zilizobaki zina tatizo: plagi ya waya wa macho ni ya umbo jingine, lazima nilehemu mpya, na plagi hazijafika. Kwa hiyo sasa tuna bunduki saba zenye bodi mpya na tano zenye za zamani, na kwa nje zote ni mapacha.

Niliitisha kikao kifupi pale mapokezi. Nikaeleza habari ya taa. Nikabandika karatasi ukutani, karibu na lango, kwa herufi kubwa. Zile saba nikazizungushia utepe wa njano mpinini ili zijulikane.

Soksi akauliza, "Nyekundu ni nini?"

Nikamweleza. Akauliza tena. Jamani, mara tano! Nilihesabu, mara tano. Mwisho akasema, "Fundi, usichanganye. Ama zote, ama usifunge hata moja. Mimi pale langoni naangalia taa kwa mbali, mtu akiinua bunduki. Sina muda wa kutafuta utepe."

Shemeji akacheka. "Mzee, dunia inakwenda mbele."

Na mimi nikacheka. Naandika hapa kwamba nilicheka.

Jumamosi, 16 Machi

Shemeji amekuja mezani na kiti chake, ishara kwamba anataka kitu.

"Shem, hii yangu namba nne, mbona nzito kidogo? Kidole changu kina kasi kuliko bodi."

Nikamweleza. Swichi yoyote ikibonyezwa inatetemeka kidogo, kama mlango unaofungwa kwa nguvu. Bodi inasubiri mtetemo upite, ndipo iamini kwamba kidole kimebonyeza mara ya pili. Kusubiri huko kuna namba. Kiwandani wameweka kumi na mbili. Ukishusha, bunduki inakuwa na kasi. Ukishusha mno, bodi inahesabu mtetemo kama kidole, na bunduki inajipigia yenyewe.

"Shusha mpaka ngapi ndiyo mno?"

"Kijitabu kinasema usipite chini ya tano."

"Nipe tatu. Kama kuna fundi wa kuiweka tatu ikatulia, ni wewe."

Alijua pa kunikuna. Niliweka tatu. Nikaitingisha, nikaigonga kwa mpini wa bisibisi, nikaidondosha juu ya godoro la mazoezi. Haikupiga hata mara moja. Kichwa kilinivimba, nikajiona bingwa.

Jumanne, 19 Machi

Mvua, siku ya nne. Soksi za mitutu hazikauki. Dada amezitundika hadi kwenye kamba ya pazia. Zinanuka.

Alhamisi, 21 Machi

Leo kumewaka. Wachezaji kumi na wawili wa mazoezi wameshafika, soksi kavu zipo nne tu. Nyingine zimelowa chapachapa, na soksi iliyolowa inateleza mtutuni yenyewe. Mzee Soksi akasimama kwenye mstari, mikono kifuani. "Hapachezwi."

Shemeji: "Taa si zipo? Wafunge bunduki, wainue, uone taa, basi."

"Taa ni taa. Soksi ni soksi."

"Mkaguzi anakuja wiki ijayo, timu haijafanya mazoezi siku tano, na wewe unanisimamisha kwa kitambaa?"

Kisha Shemeji akanigeukia. "Fundi, wewe ndiye mwenye bodi. Sema. Zinatosha au hazitoshi?"

Watu wote wakaniangalia. Na Soksi naye akageuza kichwa chote, lile jicho zima likanifikia. Nikasema, "Kwa siku moja mbili, zinatosha. Bodi hizi zina akili."

Akatoka kwenye mstari. Wakacheza. Hakikutokea kitu.

Ijumaa, 22 Machi

Hakikutokea kitu. Soksi bado mbichi, wanatoka kwa taa tu. Tepe za njano zinabanduka kwa unyevu. Nimebandika upya mbili.

Jumamosi, 23 Machi

Nitaandika leoleo, kesho nitaanza kujitetea.

Mchezo wa tatu, karibu saa tisa mchana, mvua nyembamba. Nilikuwa mezani kwangu, dirisha liko wazi, lango liko hatua kama kumi. Filimbi ikalia. Wakaanza kutoka, mmoja mmoja, kila mtu anainua bunduki juu na kutaja taa. Ndiyo desturi yetu. "Nyekundu!" wanasema, na Soksi anaitikia "Pita." Wa kwanza bodi ya zamani, nyekundu, sawa. Wa pili bodi mpya, akasema "Haina taa!" Soksi akasogea karibu, akaichungulia, "Pita." Nikajisemea, umeona, wameshazoea.

Barakoa ya Soksi ilikuwa imejaa ukungu. Niliona anaipangusa kwa nje kwa kidole, haisaidii, ukungu uko ndani.

Wa saba akawa Shemeji. Anacheka, amelowa, kidonge kimempasukia ndani ya bunduki na rangi ya bluu inamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akainua. Taa nyekundu. "Nyekundu!" akasema.

Nilijua. Lazima niandike hivyo. Rangi ikiziba macho, bodi mpya inayazima yenyewe na kuwasha nyekundu. Kijitabu, ukurasa wa tisa. Nilijua, lakini mpini haukuwa na utepe, nikajiuliza: ile ni namba nne au namba kumi? Ya zamani au mpya? Nikanyoosha shingo nitazame vizuri. Labda ni kufumba na kufumbua. Badala ya kupiga kelele, nilikuwa nahakikisha.

Soksi akasema "Pita," na mkono wake ukainua barakoa apanguse ukungu kwa ndani.

Shemeji akaiteremsha bunduki begani, kidole hakipo kwenye triga. Nilikiona kidole, kilikuwa nje kabisa. Mpini ukagonga nguzo ya lango, kugonga kidogo tu. Ikapiga tatu. Ta-ta-ta.

Mbili zilikwenda ukutani, kwenye karatasi yangu ya herufi kubwa. Moja haikwenda ukutani.

Hakupiga yowe. Alikaa chini taratibu, kama mtu anayetafuta kiti gizani, akaweka viganja viwili usoni, na rangi ya bluu ikatoka kati ya vidole. Nilikuwa nimeshafika, sijui niliruka dirisha au nilipita mlangoni. Nikasikia anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ni la kulia?"

Akainua kichwa, viganja bado usoni.

"Nauliza, ni la kulia?"

Dada ndiye aliyesema, "Ndiyo, mzee." Akapiga magoti, akamshika kichwa, akapiga kelele, leteni gari, mnanitolea macho ya nini! Shemeji alikuwa amesimama na bunduki mkononi, taa bado nyekundu. Nilimnyang'anya, nikafungua mtungi, nikaachia hewa yote.

Jumapili, 24 Machi

Daktari anasema kidonge kilipiga mfupa wa chini ya jicho na ukingo wa jicho lenyewe. Damu imejaa ndani. Amelazwa kichwa kikiwa juu, jicho limefungwa, haruhusiwi hata kuinama. Siku kumi. Damu inaweza kujiondokea yenyewe, inaweza isijiondokee. "Na hilo jingine?" daktari akauliza, akiwa ameshaliona.

Jumatatu, 25 Machi

Nimeipima namba nne mezani, bila vidonge. Ikiwa kavu, naigonga, kimya. Nikadondosha tone moja la maji kwenye swichi ya triga. Nikaigonga meza kwa kiganja. Ta-ta-ta. Mara sita kati ya mara kumi.

Nikaipandisha hadi kumi na mbili. Tone lilelile, kiganja kilekile. Kimya, mara kumi kati ya kumi.

Nikairudisha tatu kama ilivyokuwa. Nikaifunga kwenye mfuko.

Jumanne, 26 Machi

Hakuna habari. Mvua.

Jumatano, 27 Machi

Hakuna habari.

Alhamisi, 28 Machi

Shemeji amekuja mezani na kiti chake.

Amekonda kwa siku tano, sitasema uongo. Anashinda hospitalini nusu ya siku, anamlisha mzee supu kwa kijiko. Lakini aliponiinamia alikuwa ameshapanga maneno.

"Mkaguzi anakuja kesho. Sheria iko ukutani: usivue barakoa langoni. Mzee alivua mwenyewe. Huo ndio ukweli, au nimesema uongo?"

"Ni ukweli."

"Basi. Namba nne irudishe kumi na mbili. Hakuna haja ya kuongeza mengine. Uwanja ukifungwa, matibabu yake nani atayabeba? Fikiria, Shem. Nafanya kwa ajili yake."

Na nadhani aliamini. Hilo ndilo lililoniogopesha. Kila neno lilikuwa kweli, na yote pamoja yalikuwa uongo.

"Nipe nifikirie," nikasema. Dada alikuwa mlangoni na kapu la soksi. Sijui alisikia kuanzia wapi. Aliweka kapu chini, akaanza kuzitundika, moja moja, akavuta kila moja ikakaa sawa.

Ijumaa, 29 Machi

Mkaguzi ni mwanamke mfupi mwenye kalamu shingoni. Shemeji akamtembeza. Akamwonyesha sheria ukutani, na bluu iliyokauka pembeni yake. Mkaguzi akaandika. Walipofika mezani kwangu akauliza, "Fundi, bunduki yenyewe ilikuwa na kasoro?"

Nikaitoa kwenye mfuko. Nikadondosha tone. Nikapiga meza.

Ta-ta-ta.

"Haina kasoro," nikasema. "Niliiweka mimi namba tatu. Kijitabu kinasema isipite chini ya tano." Nikamwonyesha pia habari ya taa, na jinsi zilivyochanganywa. Nikamwambia mzee alikataa, na kwamba mimi ndiye niliyesema taa zinatosha.

Mashindano yamehamishiwa uwanja mwingine. Uwanja wetu umefungwa mpaka atakaporidhika. Shemeji alikaa ndani ya gari lake kwa muda mrefu, injini imezimwa. Aliposhuka alinipita kama nguzo.

Dada alinisogelea. Nikajiandaa. Akasema, "Umekula?"

Jumapili, 31 Machi

Nimepiga moyo konde, nimekwenda hospitalini peke yangu. Nikakaa upande wa kulia, kisha nikakumbuka kwamba leo pande zote ni sawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi. Umehamisha kiti siku hizi."

Kumbe aliona. Nikaanza kueleza, nikaacha katikati. Nikasema, "Nimeandika. Kila kitu nimekiandika, siku kwa siku."

"Basi nisomee. Mimi leo sisomi."

Nikatoa daftari. Nilitaka kuruka mahali, akasema hapana, soma kama lilivyo. Nikasoma. Nilipofika kwenye kobe nikashusha sauti, akacheka mpaka muuguzi akaja kumkaripia asitikise kichwa. "Kumbe mimi kobe!" Nikasoma tarehe 13. Nikasoma 16, tatu na kichwa kuvimba. Nikasoma 21. Nikasoma Jumamosi yote, hadi pale nilipokuwa nanyoosha shingo.

Dripu ilikuwa inadondoka, nilihesabu matone ili nisilie.

"Uliniambia mara tano," akasema. "Nilikuwa najua nyekundu imebadilika. Kichwa kilijua. Mkono ndio haukujua, mkono una miaka kumi na moja. Hilo ni langu."

"Mzee..."

"Tatu ni yako. Sikupunguzii."

"Usinipunguzie."

"Nisingekupunguzia hata ukiomba." Akanyoosha mkono hewani, akapapasa, akagonga daftari. "Lakini lisome tena pale pa kobe."

Jumatatu, 1 Aprili

Plagi tano zimefika, na bodi moja ya kuziba pengo la ile ya namba nne aliyoondoka nayo mkaguzi. Uwanja umefungwa lakini nimezilehemu zote. Bunduki kumi na mbili, bodi mpya kumi na mbili, kila moja namba kumi na mbili. Shemeji alisimama mlangoni akatazama. Kisha akashika bisibisi, akaanza kufunga skrubu za mipini niliyoimaliza.

Jumanne, 2 Aprili

Leo wamefungua jicho.

Tulikuwa watatu chumbani, Dada, Shemeji na mimi, tumepangana ukutani kama wanafunzi waliochelewa. Daktari akatoa pamba polepole. Kope zilikuwa zimegandana, akazilowesha, akasubiri. Jicho lilipofunguka lilikuwa jekundu lote upande mmoja. Shemeji akatazama sakafu.

"Unaona nini?"

"Ukungu."

"Vidole vingapi?"

"Kuna mkono. Vidole sijui."

Daktari akaandika. Akapangusa tena, akaweka matone, akasema tumpe dakika. Dakika gani ile! Niliisikia saa ya Dada mkononi mwake.

Mfukoni nilikuwa nimebeba bodi, moja ya zile za zamani nilizozitoa, na betri yake. Sijui kwa nini niliibeba. Hapana, nilijua. Kisha mkono ukaingia mfuko mwingine, ukakutana na ile ya namba nne, ambayo mkaguzi amenirudishia kwa sababu haifai tena kufungwa popote. Nikaichagua hiyo. Nikaunganisha betri na waya wa macho, nikaziba macho yake kwa kidole, nikaiinua juu, kama wanavyoinua langoni. Nikaenda mbali kadiri chumba kilivyoruhusu, hatua tano.

"Mzee," nikasema. "Taa gani?"

Akageuza kichwa chote. Akakunja uso. Akasogeza kidevu mbele, kama anavyofanya siku za mvua.

"Nyekundu," akasema.

Dada akaanza kulia waziwazi. Shemeji akashika ukingo wa kitanda. Mimi sikuushusha mkono, kwa sababu desturi haijaisha mpaka aitikie, na hakuwa ameitikia.

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Kwa hiyo lete soksi," akasema, "na mimi barakoa sivui."

Daktari akauliza barakoa gani, nami nikaushusha mkono.